Kamera ya mfukoni au mirolesi ya bei nafuu? Nilivyomjibu mtoto wa kaka yangu

Mtoto wa kaka yangu ameanza kazi mwaka huu kule Korogwe, na mshahara wa miezi ya mwanzo kajibana akabaki na milioni moja na laki mbili. Akanitumia voisi ndefu: "Shangazi shikamoo, sitaki simu mpya, nataka kamera kabisa, sasa kuna watu wananiambia chukua mirolesi, wengine wanasema hapana chukua ile ndogo ya kutia mfukoni, we unazo zote mbili naomba unisaidie nisije nikapoteza hela." Nikaisikiliza mara mbili, nikaanza kumjibu kwa kuandika, jibu likawa refu mpaka nikaona bora niliandike hapa vizuri, maana sio yeye peke yake anayejiuliza hili swali na hela yenyewe siku hizi haiokotwi.

Kwanza mjue nani anaongea. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, sio mpiga picha wa kazi, ila napiga picha tangu nipo chuo na kwenye ukoo wetu ikitokea harusi, maulidi, mahafali, mgonjwa katoka hospitali, mtoto kazaliwa, wananiangalia mimi. Kamera yangu ndogo ni Sony RX100 ile ya kwanza kabisa iliyotoka 2012, na mirolesi yangu ni Sony a6000 ya 2014. Zote nimenunua mtumba, ndogo laki tano na nusu, kubwa milioni moja na laki moja pamoja na ile lenzi yake inayokujaga nayo boksini. Najua ni za zamani, zimetoka nyingine nyingi baada ya hapo, lakini kwa mtu wa hela ya kawaida hizi ndio anazoweza kuzifikia, alafu nitakayoyasema hayabadiliki sana hata ukichukua za mwaka huu kwa sababu yanatokana na ukubwa wa vitu vilivyomo ndani, na huo haubadiliki kwa kuandika jina jipya juu ya kamera.

Kwa ambao neno mirolesi ni geni, ni kamera ya kubadilisha lenzi ambayo haina kioo ndani. Zile kamera kubwa mnazoziona harusini miaka yote zina kioo kinachopeleka picha juu kwenye kidirisha cha kuchungulia, ukibonyeza kioo kinaruka, ndio ule mlio wa "klak". Mwaka 2008 Panasonic wakatoa Lumix G1 isiyo na hicho kioo, wenzao wakafuata, kamera zikapungua unene. Ndio maana watu siku hizi wanazilinganisha na za mfukoni, zamani usingeweza hata kufikiria kulinganisha.

Tuanze na uzito maana ndio kitu cha kwanza utakachokisikia mwilini. Ile ndogo ikiwa na betri na memori kadi ina gramu 240. Mirolesi mwili peke yake gramu 344, ongeza lenzi yake gramu 116, unafika 460. Ukiandika kwenye karatasi unaona si kitu, nusu kilo haifiki, hata sukari ya dukani ni zaidi. Ila tatizo sio kilo jamani, tatizo ni umbo. Ndogo nafungua pochi naitia pamoja na funguo na lipstiki, au mfuko wa koti, nasahau kama ipo. Mirolesi ina lenzi imechomoza mbele, inataka begi lake, na begi maana yake asubuhi kabla sijatoka lazima niamue leo naenda kupiga picha. Na siku nyingi hatutoki tukiwa tumeamua hivyo, tunaenda sokoni, tunaenda kumwona mgonjwa, tunapanda daladala.

Picha yangu ninayoipenda kuliko zote za miaka mitatu hii nimeipiga soko la Mgandini, nimeenda kununua samaki, kuna mama kakaa na mwanga unaingia kwenye upenyo wa bati umempiga kwenye kanga na mikono, kashika changu mmoja anamwonyesha mteja. Nikamwamkia, nikamwomba, akakubali, nikatoa ka-RX100 nikapiga tatu, kwisha. Siku ile mirolesi ilikuwa kabatini. Na hata kama ningekuwa nayo sina uhakika kama ningeipata vile, kwa sababu nimeona mara nyingi, ukitoa kamera kubwa mtu anabadilika, anakaza mgongo, anauliza wewe wa gazeti gani, anauliza picha inaenda wapi, mwingine anataka hela. Ukitoa ndogo anaona dada kaja kununua samaki kapiga picha. Ruhusa unaomba kotekote, hilo halina mjadala, lakini sura anayokupa ni tofauti.

Sasa hapa ndio nataka msome taratibu kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela.

Kila mtu atakwambia mirolesi ina sensa kubwa kwahiyo usiku na ndani ya nyumba itapiga vizuri zaidi. Sensa ndio ile sehemu inayopokea mwanga, zamani ingekuwa filamu. Ya RX100 ni milimita 13.2 kwa 8.8, ya a6000 ni 23.5 kwa 15.6. Piga hesabu utaona kubwa inaizidi ndogo eneo mara tatu na kidogo. Ni kweli kabisa. Lakini wanasahau lenzi. RX100 ikiwa haijavutwa, yaani bila zumu, lenzi yake inafunguka mpaka f/1.8. Ile lenzi ya boksini ya a6000, ya milimita 16 mpaka 50, inaanzia f/3.5. Hiyo namba ikiwa ndogo ndio tundu linakuwa kubwa, na tofauti ya 1.8 na 3.5 maana yake kwenye kila kijisehemu cha sensa, ndogo inaingiza mwanga karibu mara nne ya kubwa. Sasa kubwa ina eneo mara tatu, ndogo inaingiza mara nne, umeona zinavyolipana? Yaani umetoa hela mara mbili, umebeba mzigo mara mbili, na usiku unapata picha ileile.

Mi hili sikulisoma popote mwanzoni, nililiona kwa macho Forodhani, Unguja. Tulienda harusi ya binamu yangu, jioni tukashuka Forodhani kula, zile meza za mishkaki na pweza na taa zake za njano, moshi, watu wamejaa. Nikawa na kamera zote mbili shingoni na mkononi. Nikapiga ndogo kwa f/1.8, shata 1/60 (muda wa kupokea mwanga, sekunde moja ukiigawa mara sitini), ISO 800 (namba ya kamera kukuza mwanga, ikipanda na chenga kwenye picha zinaongezeka). Nikapiga kubwa na lenzi yake ya boksini, f/3.5, shata ileile 1/60, ikanipandishia ISO mpaka 3200. Nilivyorudi nikazifungua kwenye kompyuta nikaziweka ubavu kwa ubavu, chenga zilezile, labda kidogo ndogo ilikuwa safi zaidi. Niliumia kwa kweli, maana nilikuwa nimejinyima miezi mingi kuipata ile mirolesi nikiamini ndio jibu la picha za usiku.

Mambo yanageuka ukianza kuvuta. RX100 ukiivuta mpaka mwisho lile tundu linabana mpaka f/4.9, ya mirolesi ikivutwa mwisho ni f/5.6, hapo tofauti ya tundu ni ndogo na ukubwa wa sensa unaanza kufanya kazi yake, mirolesi inakuwa mbele zaidi ya mara mbili. Kwahiyo mwenye tabia ya kusimama mbali akavuta ataona faida hata na lenzi ya boksini. Ila mi husogea karibu na watu, wengi wetu kwenye familia tunasogea, na huko karibu ndiko ndogo inakokuwa sawa na kubwa.

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe nikaona kitu kingine lakini, lenzi ya mirolesi inaona pana zaidi. Ukibadilisha kwa kipimo cha filamu ya zamani inaanzia milimita 24 wakati ndogo inaanzia 28, na hapa namba ikiwa ndogo ndio inaona pana. Unaweza ukaona ni tofauti ya kipuuzi, subiri usimame kwenye kichochoro chenye upana wa mkokoteni na mlango mzima wa kuchonga mbele yako, huna pa kurudi nyuma, utaitafuta hiyo 24.

Sasa ilikuwaje nikaendelea kuwa na mirolesi na sikuiuza? Lenzi ya pili. Nilinunua Sigma ya milimita 30 inayofunguka f/1.4, haivuti, imesimama palepale, ukitaka karibu unatembea kwa miguu. Na hii ndio siku niliyoelewa kwamba mirolesi ukinunua hununui kamera, unanunua tundu la kuwekea lenzi. Hesabu ileile tena, tundu la 1.4 linaingiza mwanga zaidi ya 1.8, ongeza na ile sensa kubwa mara tatu, jumla inakuwa karibu mara tano ya mwanga wa RX100. Mara tano! Kwenye ukumbi wa sendoff wenye taa za bluu na zambarau, kwenye sebule ya bibi yenye taa moja, kwenye varanda wakati wa magharibi ambapo huku kwetu kiza kinashuka upesi na una dakika chache tu za ule mwanga laini, hapo huwezi kuilinganisha tena. Na nyuma ya mtu kunafifia vizuri, lile kochi na kalenda na kapu la nguo za kufua linayeyuka, anabaki bibi na uso wake. RX100 inajaribu kufifisha ukimsogelea mtu sana, ila ukimsogelea sana kwa lenzi pana pua inakuwa kubwa, na wazee hawapendi, mi mwenyewe sipendi.

Niseme na ubaya wake. Hiyo Sigma haina kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na a6000 nayo ndani haina, wakati RX100 na ile lenzi ya boksini zote zinacho. Kwahiyo kama mkono wako unatetemeka kidogo usishuke chini ya 1/60, bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi, ndio ubonyeze. Na inaongeza gramu 265, sasa begi ndio limekuwa begi kweli.

Kwahiyo jibu langu la kwanza kwa mtoto wa kaka lilikuwa hili. Jiulize kama utakuja kununua lenzi ya pili ndani ya mwaka. Jiulize kweli, kwa kuangalia mshahara na kodi ya nyumba na michango ya harusi za watu. Kama jibu ni hapana, chukua ndogo yenye sensa nzuri na tundu kubwa, utakuwa umebaki na hela na utapiga picha nyingi zaidi kwa sababu utakuwa nayo. Kama ni ndiyo, chukua mirolesi. Ila kuchukua mirolesi ukakaa na lenzi ya boksini miaka mitano, ambayo ndio wengi wanafanya, mi naona ni kujidhulumu.

Kuna sehemu ambayo kamera ndogo inashinda kabisa na hii watu hawaijui. Jua la mchana. Mahafali ya kidato cha nne shuleni kwetu picha zinapigwaga saa saba mchana, jua limesimama utosini, wanafunzi wamevaa mashati meupe, macho yamekuwa mashimo meusi na kivuli chini ya pua. Hapo dawa yake ni kuwasha flashi hata kama ni mchana, ijaze kile kivuli usoni. Sasa mirolesi ina pazia mbele ya sensa linalopita kama shata ya duka, na flashi yake ya ndani haiwezi kufanya kazi nalo juu ya 1/160 kwenye a6000. Jua la saa saba kwa 1/160 lazima ubane lenzi mpaka f/13 hivi, na ukibana hivyo flashi yake ndogo inakosa nguvu, hamna kinachofika usoni. RX100 pazia lake liko ndani ya lenzi yenyewe, linafunguka na kufunga kama mboni ya jicho, kwahiyo flashi inakubali mpaka 1/2000 ambayo ndio mwisho wake. Naweka f/4, 1/1000, flashi imewashwa, nasimama mita moja na nusu, uso unatoka umenawiri na anga bado la bluu. Wazazi wananiuliza nimetumia nini nawaonyesha ka-kamera wanashangaa. Mwaka jana mahafali yote nimepiga na hako.

Na tukiwa hapohapo kwenye nyuso, hili ni la kamera zote mbili na hata simu. Kamera haijui inaangalia nini, inajua tu kwamba wastani wa kila kitu duniani ni kijivu. Ukijaza fremu na kanzu nyeupe au shela, itaona ni nyeupe mno itaipunguzia mwanga, kanzu inakuwa kijivu na uso wa mtu unapotea kabisa kwenye kiza. Ukijaza fremu na uso wa mtu mweusi kama sisi, itaona kiza itaongeza, ngozi inatoka imepauka kama kapakwa unga. Kuna kitufe cha kuongeza na kupunguza, kina alama ya + na −, kijue kabla hujajua kitu kingine chochote. Kanzu nyingi, sogeza + kidogo. Uso umejaa fremu, sogeza − kidogo. Ngozi zetu ni nzuri, zina rangi ndani ya rangi, inauma kuona albamu nzima ya harusi bibi harusi kapaushwa mpaka hajulikani ni dada yako. Na piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, zote mbili zinapiga RAW, ili ukikosea unaweza kurudisha.

Watoto na mpira sasa. RX100 inafokasi kwa kupapasa, inaenda mbele inarudi nyuma mpaka ione kitu kimekaa sawa, mchana ni haraka tu, ila kitu kikikimbilia kwako inachelewa. Ina sehemu ya kupiga picha kumi kwa sekunde lakini fokasi inabaki pale pa picha ya kwanza. Wale vijana wanaoruka baharini pale Forodhani niliwapata vizuri tu na ndogo, kwa sababu wanaruka kwa ubavu, umbali haubadiliki. Ila wanafunzi wangu wakicheza mpira, mshambuliaji anakuja moja kwa moja kwako, ndogo inakupa picha ya majani. A6000 ina vituo 179 vya kupimia umbali kwenye sensa yenyewe, inamfuata mtu huku inapiga 11 kwa sekunde. Mwenye watoto wadogo wanaokimbia ndani ya nyumba hili ni jambo kubwa, mwenye kupiga majengo na vyakula asihangaike nalo.

Huwa naulizwa na simu je. Simu nzuri za sasa zinapiga vizuri na sitaki kumdanganya mtu. Ndio maana nasema usinunue kamera ya mfukoni ya aina yoyote tu. Zipo ndogondogo za zamani ambazo sensa yake ni milimita 6 kwa 4 na kitu, vijana siku hizi wanazitafuta kwa ule muonekano wa picha za kizamani na kama ni hicho unachokipenda chukua kwa raha zako, lakini kwa ubora simu nyingi nzuri zina sensa kubwa kuliko hizo. Megapikseli zisikupumbaze, ishirini za kwenye sensa kama ukucha wa mtoto sio ishirini za kwenye sensa kubwa. Muuzaji atakutajia megapikseli, we muulize ukubwa wa sensa na lenzi inafunguka f ngapi. Akikosa jibu, toa simu utafute jina la ile modeli palepale kaunta.

Kuhusu kununua mtumba na kutunza huku pwani. Kamera yangu ya kwanza kabisa ya mfukoni, siitaji jina maana kosa lilikuwa langu, niliitia kwenye mfuko wa suruali niliyoshinda nayo ufukweni Raskazone, mchanga ukaingia kwenye lenzi ile inayochomoza ukiwasha, ikasaga ikakwama katikati, haitoki hairudi. Fundi akaniambia kuifungua ni bei ya nyingine. Hicho ndicho kidonda cha kamera hizi, lenzi inatembea na huwezi kuitoa, hata vumbi likiingia mpaka kwenye sensa huwezi kulifikia mwenyewe. Mirolesi vumbi linaingia kirahisi zaidi unapobadilisha lenzi lakini unaweza kulipuliza ukalitoa. Kwahiyo ndogo ninaiweka kwenye kimfuko chake cha kitambaa hata ndani ya pochi, na ufukweni inakaa ndani ya mfuko wa nailoni wa kufunga.

Adui mwingine ni unyevu. Lenzi zikikaa kabatini huku kwetu zinaota kuvu ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Ukienda kununua lenzi ya mtumba, Kariakoo au popote, chukua tochi ya simu imulike kwa nyuma huku unachungulia kwa mbele, geuza geuza. Ukiona utando au madoa kama maua, acha, hata akikupunguzia nusu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usitupe, tia kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na kamera. Kisha jaribu sensa, piga picha anga tupu kwa f/16 ukuze uangalie, madoa meusi yaliyofifia ndio vumbi. Kwa ndogo iwashe na kuizima mara kumi mfululizo usikilize lenzi, ikitoka kwa kusitasita au ikilia kama inasaga kitu, usinunue.

Na kabla hujachukua mirolesi ya kampuni yoyote angalia mdomo wake wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye mwili wa kamera, una maisha gani. Canon kwa mfano walikuwa na EOS M, wakatoa M50 mwaka 2018, kamera nzuri na ina skrini ya kugeuza na tundu la maiki ambalo a6000 haina, ila tangu 2022 wamehamishia kamera zao ndogo kwenye mdomo mwingine, RF, ndio kina R10 na R50, na lenzi za M haziingii huko. Mtumba wa M utaupata kwa bei nzuri lakini ujue unaingia nyumba isiyojengwa tena. Sony wameanza na mdomo wao wa E 2010 na mpaka leo ni uleule, ndio sababu kubwa mi nilienda huko, lenzi za mtumba zipo na zitaendelea kuwepo.

Betri hazina cha kusimulia, ndogo inatangazwa picha 330 na kubwa 360, zote nunua ya ziada. Kutuma picha kwenye simu, a6000 ina waifai, RX100 ya kwanza haina, utahitaji kisoma kadi cha elfu chache. Kwenye jua kali kuchungulia kwa jicho ni raha kuliko skrini, ndogo hii haina hicho kidirisha, iliyokuja ya tatu yake mwaka 2014 inacho ila bei inapanda.

Basi mtoto wa kaka nikamwambia njoo Tanga wikiendi, chukua zote mbili na lenzi zote, kaa nazo wiki mbili. Akaondoka nazo. Aliporudi ndogo ilikuwa na picha mia nne na ushee, kubwa ilikuwa na sitini na saba. Nikamwambia chagua ishirini za kusafisha dukani, usiangalie zimetoka kwenye kamera ipi. Akachagua, tukazisafisha, tukazitandaza mkekani, ndio tukaanza kuhesabu. Kumi na tatu zilikuwa za ndogo. Saba za kubwa. Na zile saba zote, kila moja, zilikuwa za ile lenzi ya 30, ya boksini haikutoa hata moja.

Ila katika hizo saba kuna moja ya mama yangu, yaani bibi yake, kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, saa kumi na mbili na robo jioni, mlango uko nyuma yake, mwanga wote uliobaki umekaa kwenye mkono na kwenye shavu. Mtoto akaishika hiyo picha hakuiachia. Akasema shangazi mi nataka za hivi.

Amepata mwili wa a6000 bila lenzi kwa laki saba na nusu, na Sigma 30 mtumba kwa laki nne na nusu, tuliimulika kwa tochi ni safi. Hela imeishia hapo, memori kadi nimempa yangu moja. Lenzi ya kuvuta hana na kwa sasa hahitaji. Ndogo yangu bado anayo yeye, nimemwambia akae nayo tu kwa ajili ya safari zake za Korogwe, ila mahafali yakikaribia airudishe.